Muulize Shangazi wa Sokoni: "Wanajaribu kwangu, wananunua kwenye simu"

Haya jamani karibuni barazani. Mwezi huu mmeniletea mambo ya simu matupu, nlidhani ntapata za mirathi na za wapangaji wasiolipa kama kawaida yenu, kumbe mtu kanunua kwenye simu, mtu kauza kwenye simu, mtu kaliwa hela kwenye simu. Basi leo tunakaa hapohapo. Barua ya kwanza ntaijibu kwa kirefu maana mwenye nayo kanigusa donda, za chini ntazipitia mbiombio, msininunie.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mi nna duka la viatu hapa Tanga, Ngamiani, Barabara ya 8, mwaka wa tisa huu. Siku hizi wateja wanaingia, wanajaribu kiatu, wanatembea nacho mpaka mlangoni wanarudi, wananiuliza saizi zote, af wanatoa simu wanakipiga picha wanasema "ntarudi". Hawarudi. Wiki iliyopita nimemkuta mmoja wao stendi ya Kange anapokea mzigo kutoka Kariakoo, kaufungua palepale, kiatu ni kilekile cha kwangu, na ukijumlisha na hela ya kusafirishia kanunua ghali kuliko bei yangu! Wanafuata nini huko kwenye simu? Bei sio, haraka sio, maana anaishi mtaa wa pili tu kutoka kwangu. Au kuna mkono wa mtu? Jirani yangu wa ndala simwelewielewi. – Muuza Viatu, Ngamiani

SHANGAZI: Marahaba mwanangu. Hamna mkono wa mtu hapo, muache jirani auze ndala zake kwa amani.

Kwanza umeona kitu ambacho wengi hawakioni. Ukimuuliza mtu yeyote kwa nini ananunua kwenye simu atakwambia rahisi na bei poa, basi, na hata wasomi walianzia hapo, kuna Mmarekani anaitwa Fred Davis mwaka 1989 aliandika kwamba mtu anakubali teknolojia mpya kwa mambo mawili, akiona itamsaidia na akiona haimpi tabu kuitumia. Yeye alikuwa anazungumzia kompyuta za maofisini, ila mpaka leo ukisoma tafiti za watu kununua kwenye simu utamkuta kakaa mlangoni pa mbele. Hakukosea. Lakini mteja wako kalipa zaidi, kasubiri basi, kapanda bajaji kwenda Kange na kurudi, sasa huo urahisi uko wapi? Kuna jambo lingine, na mie nimelijua kwa kufukuza wateja wangu mwenyewe.

Nlikuwa na meza ya khanga na madera pale Mgandini, miaka mingi tu. Na nlikuwa na ulimi. Mtu akija akashika kitambaa, akauliza bei, akakirudisha, akashika kingine akauliza tena, mie namtolea jicho, na siku nikiamka vibaya namwambia "mama, tunanunua au tunahesabu?" Kuna dada mmoja alikuja mara tatu kwa dera moja la zambarau, mara ya tatu nikamrushia hilo neno mbele za watu, wakacheka, na yeye akacheka kidogo ile ya kujikaza, akaondoka. Sikumuona tena mezani. Miaka kama miwili baadae binti yangu akanifungulia grupu la WhatsApp la kuuzia, saa tano usiku inaingia meseji "hilo la zambarau bei gani", namba siijui, nikajibu, akauliza lile la kijani, na lile, na lile, na upana wake, na kama linachuja, na kama lipo la mikono mirefu, maswali kumi na nne nliyahesabu wallahi, na mie wala sikuudhika maana nlikuwa nimejinyoosha kitandani na chai yangu. Akachukua mawili. Binti yangu alipompelekea akarudi kacheka, ananiambia mama, si ni yule dada uliyemfanya watu wamcheke sokoni.

Ndo nikajua simu imeondoa nini. Imeondoa aibu ya kuuliza bei.

Tanga yetu hii unaijua, huwezi kukatiza barabara tano za Ngamiani hujasalimiana na watu ishirini, ukiingia dukani ukatoka mikono mitupu mtu ashakuona, ukitoka na mfuko mtu ashakuuliza umebeba nini, na kabla ya adhuhuri habari ishafika kwa mama mkwe. Dukani mtu ananunua na mashahidi. Na muuzaji naye yupo pale kakukodolea, kakushushia maboksi saba, sasa utamwambiaje kwamba hukipendi, au mbaya zaidi, kwamba hela haitoshi? Wengi wanasema "ntarudi" kwa sababu hawajui neno lingine la kutokea. Kwenye simu unaandika "ntakujulisha" na hakuna anayekutazama mgongo ukiondoka.

Ongeza vitu ambavyo watu wanaona haya kuvinunua hadharani. Nguo za ndani, dawa ya chunusi, dera la mtu mnene kweli, kiatu cha kike saizi 43, we mwenye duka la viatu hebu niambie ni wadada wangapi wa saizi 43 wamewahi kukuuliza kwa sauti? Wapo, ila wanauliza usiku, kwa mtu wa mbali asiyewajua. Na mwanamke aliyeko eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi hatoki, na mzazi ambaye arobaini haijaisha, hawa zamani walikuwa wanaagiza, na ukimuagiza mtu anakuletea anachokipenda yeye. Sasa wanachagua wenyewe. Hao usidhani wamekukimbia, hawakuwahi kuwa wako.

(Kuna hata wanaozima zile tiki za bluu za WhatsApp ili wachungulie stetasi za wauzaji bila jina lao kutokea kwenye orodha ya walioangalia. Mnajijua. Mie nawajua pia, nna shoga yangu wa Makorora anajua bei zangu zote na hajawahi kutokea kwenye orodha hata siku moja.)

Sasa aibu ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni raha, na hii wenye maduka tunaidharau sana, tunaona mteja ana shida ya kiatu tukimpa kiatu kaisha. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Marekani, Mark Arnold na Kristy Reynolds, walichambua watu wanaonunua kwa kupenda tu kununua wakapata sababu sita: wapo wanaoona ni kama matembezi, wapo wanaojiliwaza siku ikiwa mbaya, wapo wanaofurahia kumnunulia mwingine, wapo wanaowinda punguzo, wapo wanaofuata kampani ya wenzao, na wapo wanaotaka kujua nini kimeingia mjini. Hapo hata simu za kupangusa zilikuwa hazijashika, walikuwa wanazungumzia madukani, lakini angalia, bei imetokea mara moja tu na hata hiyo ni raha ya kuwinda. Yote sita sasa yamehamia kwenye kiganja. Mtu kakaa kwenye daladala ya Pongwe yuko matembezini Kariakoo. Mashoga wanatumiana picha "hiki vipi", "hapana hicho cha kizee", "chukua cheusi", hio ni ile safari ya kwenda sokoni wanne kununua kitu cha mmoja, haijafa, imehamia kwenye grupu.

Na stetasi yenyewe ilivyotengenezwa ni kama mnada. WhatsApp waliileta hivi ya picha mwaka 2017, inakaa saa 24 inafutika, kwa iyo kila asubuhi kuna bidhaa mpya na kila jioni kuna kitu kinakupotea. Robert Cialdini, mwanasaikolojia wa Marekani, alishaandika mwaka 1984 kwamba kitu kikionekana kinaisha kinapanda thamani machoni pa mtu, na kwamba mtu akiona wenzie wanakifata na yeye anakifata. Muuzaji wa Kariakoo hajamsoma lakini anaandika "zimebaki pea 2" na anaposti skrinishoti za walioshalipa. Viatu vyako vipo dirishani vilevile mwezi wa tatu huu, vimeshika na vumbi kidogo usinune nikisema, nani atakimbizana navyo?

Halafu kuna Kange. We umemuona mteja akifungua mzigo palepale stendi ukaumia, hukuitazama sura yake? Tangu asubuhi katumiwa picha ya risiti ya mzigo na jina la basi, saa sita kaambiwa limeshatoka, saa tisa anampigia kondakta, anaambiwa basi liko Segera, baadae liko Muheza, yaani kilomita kama 350 anazifuata moja moja kama anasubiri mgeni. Kikifika kile sio kiatu tena, ni zawadi kajitumia mwenyewe. Na kimetoka Dar! We chako kimetoka Dar vilevile ila kimefika kimyakimya usiku kwenye kiroba.

La hela nalo. M-Pesa iliingia Tanzania 2008, kwanza tulikuwa tunatumia kumtumia bibi hela ya sukari, sasa hivi mshahara wa mtu, mchezo wake, kikoba chake, vyote vimo humo ndani. Kwa iyo hela ya mteja haiko mfukoni, iko kwenye laini, na kuitoa kwa wakala inakatwa. Ukimwambia "mi nataka keshi" unamwambia alipe makato ndo aje kukulipa wewe. Mnakumbuka Julai 2021 tozo ya miamala ilipoanza watu walivyorudi kubeba noti, mpaka Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30, hapo nlijifunza kwamba mtu anahesabu makato kuliko anavyohesabu bei ya kitu chenyewe. Kama huna Lipa Namba pale ukutani, mwanangu, hilo sio la kumuandikia Shangazi, hilo nenda kesho asubuhi.

Utaniuliza, sasa hawaogopi kutapeliwa? Wanaogopa sana, ndo maana hawanunui kwa kampuni wananunua kwa mtu. Jumia ilikuwa kampuni kubwa ya kuuza vitu mtandaoni, ina programu yake na matangazo kila kona, ikafunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Wadada wa stetasi wapo mpaka leo. Mtu anamjua huyu ni mdogo wake fulani, alisoma na dada yangu, kamuuzia shoga yangu mkoba ukafika, kwao pale Chumbageni karibu na msikiti. Nasaba ndo risiti yetu. Na hapo ndo wewe unamshinda wa Kariakoo asubuhi na mapema, wewe una mlango, una miaka tisa, mtu akibanwa na kiatu anajua pa kukupata.

Basi fanya hivi. Piga picha viatu vyako mwenyewe, mlangoni, mwanga wa asubuhi, usichukue picha za Wachina mtandaoni, na soli uipige, na weka rula pembeni mtu aone urefu kwa sentimita maana 41 ya kiatu hiki sio 41 ya kile na we unalijua. Andika bei kwenye picha. Weka vichache kila siku, sio vyote kwa mpigo. Andika kabisa "uliza hata kama hununui", na ukiulizwa maswali kumi na nne jibu kumi na nne. Na lile ambalo wa Dar hawezi, andika kwa herufi kubwa: kikibana, kesho tunabadilisha.

Hela ya bodaboda usimuandikie mteja pembeni. Mwaka 2007 Shampanier, Mazar na Ariely walifanya jaribio Marekani, wakauza chokleti mbili, moja nzuri ya Lindt kwa senti 15 na moja ya kawaida ya Hershey's kwa senti 1, wengi wakachagua ile nzuri, wakapunguza zote senti moja moja, ya Lindt 14 na ya Hershey's bure, wengi wakahamia kwenye ya bure. Tofauti ya bei ni ileile ila neno bure lina uchawi wake. Mie sikushauri udanganye, bodaboda lazima alipwe na hela itatoka humohumo kwenye kiatu, andika tu "hii ni bei mpaka mlangoni kwako", inatosha, mtu wa Mikanjuni hapigi hesabu mara mbili na wewe hujasema uongo.

Na anayekuja kujaribu akapiga picha usimnunie. Mpe namba yako, mwambie "ukifika nyumbani ukikitaka niandikie, bodaboda anakuletea." Umemfungulia mlango wa kutokea, na wengine watarudi kwa mlango huohuo saa tano usiku. Na wewe uwe macho saa tano usiku, ndo kazi yenyewe ilivyo siku hizi, duka linafungwa muuzaji hafungwi.

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ninanunua usiku. Watoto wakilala nashika simu, naangalia tu, kufika saa sita nimeshalipia kitu. Nna vyombo vya plastiki mpaka chini ya kitanda, nna mashine ya kukatia vitunguu sijawahi kuichomeka. Mchana nikienda sokoni nabishania mia mbili ya nyanya mpaka nagombana. Ni ugonjwa huu? – Mama wa Usiku, Mikanjuni

SHANGAZI: Marahaba mwanangu. Hiyo ya nyanya ndo imejibu swali lako. Noti ikitoka mkononi inauma, unaiona inaondoka. Kwenye simu hakuna kinachotoka mkononi, namba tu zinabadilika. Watafiti wawili wa Marekani, Prelec na Simester, mwaka 2001 walichapisha jaribio, waliwanadia wanafunzi tiketi za mechi ya kikapu, wengine wakaambiwa watalipa kwa keshi na wengine kwa kadi, wa kadi wakataja bei inayofika hata mara mbili ya wenzao. Mechi ileile. Na mwaka 2014 Brasel na Gips wakaonesha kwamba mtu akikichagua kitu kwa kukigusa kwenye skrini, kuliko kutumia kipanya cha kompyuta, anaanza kukiona ni chake kabla hajakilipia. Sasa wewe umelala gizani unakipapasa kidude dakika arobaini, ukikiacha unaona kama umenyang'anywa.

Ila mie sitakupa dawa ya "usishike simu", hio unaijua na haijasaidia. Nakuuliza, siku nzima ni nani mwingine kakupa nusu saa ya peke yako? Umeamka alfajiri, watoto, mume, jiko, saa nne usiku ndo mara ya kwanza unachagua kitu bila kuitwa. Unachonunua ni ile nusu saa, mashine ya vitunguu imekuja kama nyongeza. Kwa iyo ile nusu saa bakia nayo, angalia, chagua rangi, jaza kikapu mpaka kifurike, ila kulipa ni kesho baada ya chai ya asubuhi. Vingi utavicheka mwenyewe.

Na weka vizuizi maana wenzio wanaviondoa. Amazon, wale wauzaji wakubwa wa mtandaoni wa Marekani, mwaka 1999 walipata hataza, yaani haki ya kuzuia wengine wasiige, ya kununua kwa kubofya mara moja, mara moja tu, kwa sababu wanajua kila hatua ni nafasi ya mtu kutafakari. Sisi tunashukuru bado tuna namba ya siri. Basi hela ya matumizi ihamishie laini nyingine, na laini hiyo iwe kwenye kile kisimu cha batani kimewekwa kabatini, chumba kingine. Zile huduma za kukukopesha salio lisipotosha jitoe, maana hapo sasa unanunua plastiki kwa mkopo. Mashine ya vitunguu nitumie picha, naweza kukupatia mteja.

SWALI: Kwa nini wauzaji wanaposti kitu halafu wanaandika "bei njoo inboksi"? – Nimechoka, Raskazone

SHANGAZI: Hata mie nimechoka. Wanakwambia wanaficha bei kwa washindani, na kweli wapo wa hivo, wengine wanataka uwaandikie tu ili wapate nafasi ya kukushawishi, na wengine wanaangalia kwanza picha yako ya profaili, ukiwa umepiga kwenye gari wewe bei yako nyingine. Yaani simu imetuondolea aibu ya kuuliza bei, wao wameirudisha kwa mikono yao miwili, inabidi tena ujitambulishe, usalimie, ubembeleze, ukiambiwa elfu tisini uanze kutafuta namna ya kuondoka kwa heshima. Mie nikiona hilo neno napita. Wauzaji mnaosoma hapa, anayeona bei akaondoka kimya hakuwa na hela leo, mwezi ujao anayo, na atamkumbuka aliyemuachia aondoke kimya.

SWALI: Binti yangu, mimi ni mtu mzima, niko Pongwe. Nliona simu nzuri inauzwa kwenye mtandao wa picha, bei nusu ya dukani, nikatuma elfu themanini na tano. Muuzaji akaniambia tuma na ya usafiri elfu kumi na tano, nikatuma. Mpaka leo simu zake hazipatikani. Mjukuu wangu ananicheka, na yeye kila wiki analetewa mizigo inafika salama. Yeye anajua nini nisichokijua? – Babu wa Pongwe

SHANGAZI: Shikamoo baba. Pole sana, na huyo mjukuu nikimpata ntamwambia, mtu mzima hachekwi kwa hela yake.

Anachokijua sio kikubwa. Ile hela ya pili ya usafiri ndo alama yao, wakishaonja ya kwanza wanarudi, na wangekuja na ya tatu wakasema ni ya ushuru. Namba iliyokupigia au kukutumia meseji itume kwenda 15040, ndo namba ya kuripotia matapeli, inapokea kutoka mitandao yote. Piga na huduma kwa wateja ya mtandao uliotumia kutumia hela, ungepiga dakika ileile ingekuwa rahisi zaidi kuizuia kabla hajaitoa, ila piga hivohivo, na meseji zako za muamala usizifute, nenda nazo polisi wakufungulie jalada. Hela kurudi sikuahidi baba. Sitaki kukupa matumaini ya bure.

Siku nyingine, kabla hujaweka namba ya siri, simu inakuonesha jina la unayemtumia. Wengi wetu tunalipita hilo jina mbiombio, tunasoma kiasi tu. Duka linajiita la bibi fulani wa Kariakoo na jina linalotokea ni la mwanamume mwingine kabisa, acha. Muulize kwanza. Mwambie pia akupigie simu ya video, akuoneshe kitu kikiwa mkononi, akiwashe, akizime, muuzaji wa kweli anafanya bila kununa, tapeli bando lake linaisha muda huohuo. Na kwa vitu vya bei hiyo nunua kwa anayekubali umlipe mzigo ukifika, wapo wengi tu, hata hapa Tanga, anakuja kijana wa bodaboda unafungua, unaangalia, ndo unalipa.

Mjukuu wako mizigo yake inafika kwa sababu naamini ananunua kwa watu walewale watatu wanne ambao marafiki zake walishanunua kwao. Muombe hizo namba. Akikataa mwambie Shangazi wa Sokoni kasema simu ya babu anainunua yeye.